Lami Imefika, Gari Bado Halijajaa

Kutoka Dar es Salaam hadi Mbeya ni kilometa zipatazo 830, na basi linaloondoka alfajiri humfikisha abiria wake usiku wa siku hiyo hiyo. Hilo tumelizoea, hatulishangai tena. Sasa mshushe abiria mwingine Chimala saa 8 mchana, akiwa anakwenda Matamba, juu ya zile kona 57 za kuelekea Kitulo. Hapo hakuna atakayethubutu kumwahidi saa ya kufika. Atafika gari likijaa. Lisipojaa atalala Chimala, na kesho ataanza kungoja upya.

Nyanda za Juu Kusini si eneo dogo. Kuna Iringa, Njombe, Mbeya, Songwe na Rukwa, na wengine huongeza Ruvuma na Katavi. Mtu anayetoka Dar kwenda Mpanda kwa kupitia Mbeya, Tunduma na Sumbawanga anakata takribani kilometa 1,400, na bado hajavuka mpaka wa nchi. Reli iliyopo, ukiacha tawi la Reli ya Kati linaloishia Mpanda, ni moja, TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975. Inapita Makambako, Mbeya na Tunduma, lakini haigusi mji wa Iringa, wala Njombe, wala Songea, wala Sumbawanga. Ndege zinatua uwanja wa Songwe, Mbeya, tangu 2012, kwa wenye nauli yake. Tuliobaki, na ndio wengi mno, tunategemea basi kwa masafa marefu na gari dogo kwa masafa mafupi.

Nionavyo mimi, safari za ukanda huu hazipotei tena barabara kuu. Zinapotea njia panda. Mipango ya usafiri bado inahesabu kilometa za lami, wakati abiria anahesabu mara ngapi amebadilisha gari na saa ngapi amekaa juu ya mzigo wake.

Lami lazima ipewe haki yake. Aliyesafiri kwenda Sumbawanga kabla ya barabara ya Tunduma kuwekwa lami anajua maana ya vumbi jekundu kuingia mpaka kwenye meno. Barabara ile, zaidi ya kilometa 220, ilijengwa kwa fedha za Marekani kupitia mpango wa MCC, na ilibadili kabisa maisha ya Ufipa. Mbinga hadi Mbamba Bay, kilometa 66 za milima ambazo mvua ikinyesha zilikuwa adhabu, sasa ni lami. Lami imefika Makete kutoka Njombe. Kuelekea Ludewa kuna kipande cha Lusitu hadi Mawengi, kilometa 50, kilichomwagwa zege badala ya lami kwa sababu ya mvua, miteremko na malori yanayotarajiwa kubeba makaa ya Mchuchuma na chuma cha Liganga. Mpemba hadi Isongole, wilayani Ileje, nako kumekamilika. Mtu akisema hakuna kilichofanyika, huyo hajasafiri.

Hata barabara kuu yenyewe, pamoja na kero zake, imekuwa kitu cha kutabirika. Basi haliruhusiwi kuzidi kilometa 80 kwa saa, na kwenye makazi ni 50. Kati ya Makambako na Mbeya vijiji vimeungana kiasi kwamba dereva akitii alama zote, mguu wake unaishi kwenye breki. Kuna mizani ya Vigwaza, Mikese, Wenda, Makambako na Mpemba. Kuna trafiki wenye tochi zao za kupima mwendo. Kuna hifadhi ya Mikumi, ambako kumgonga mnyama ni faini. Kuna Kitonga, ambako lori moja likilala vibaya kwenye kona, nchi nzima ya kusini-magharibi inasimama pamoja nalo. Na kuna foleni ya malori ya Zambia na Kongo inayoanza mbali kabla ya Tunduma, pamoja na kuwa kituo cha pamoja cha mpakani kilizinduliwa mwaka 2019. Yote hayo yanachelewesha, ila yanachelewesha kwa kiasi ambacho msafiri mzoefu anakijua. Ukipiga hesabu ya wastani wa kilometa 60 kwa saa, huwezi kukosea sana. Mwenye basi anajua, kondakta anajua, na mama aliyetuma gunia la mchele wa Kyela kwa mwanawe aliyeko Tabata anajua mzigo utashushwa saa ngapi.

Hesabu inaharibika unaposhuka. Barabara ya TANZAM, ile kuu ya Dar hadi Zambia, ina mfululizo wa njia panda ambazo kila moja ni mlango wa wilaya nzima: Mafinga na Nyololo kwa watu wa Mufindi, Makambako kwa Njombe na Songea, Igawa na Rujewa kwa Mbarali, Chimala kwa Makete ya juu, Uyole kwa Tukuyu na Kyela, Mlowo kwa Kamsamba, Mpemba kwa Ileje. Chache kati ya hizo, Makambako na Uyole hasa, zina magari ya kutosha kutwa nzima. Zilizobaki zinaendeshwa kwa kanuni moja isiyoandikwa popote: gari linaondoka likijaa. Hapo ndipo unaposikia sauti maarufu kuliko honi, "Bado mmoja tu, tunaondoka!" Na huyo mmoja anaweza kuwa bado yuko nyumbani anafunga mizigo.

Si haki kumtupia lawama dereva. Mpigie hesabu. Desemba 2023 LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa ardhini, ilipandisha nauli ya basi la daraja la kawaida kuwa shilingi 48.47 kwa kilometa kwa abiria mmoja. Chukua kipimo hicho hicho ukivike Noah inayokwenda kilometa 60 na kubeba watu saba kihalali. Kila abiria atalipa shilingi 2,908, na jumla haifiki 20,400. Petroli kwa miaka ya karibuni imekuwa ikicheza karibu na shilingi 3,000 kwa lita. Gari kuukuu, lenye mzigo juu, likipanda milima, likila lita moja kwa kilometa 10 dereva amshukuru Mungu. Basi lita sita zimeondoka na shilingi 18,000. Kinachobaki hakitoshi ushuru wa stendi, chai na tairi, achilia mbali hesabu ya tajiri ambayo lazima ilale mezani jioni, gari liwe limepata abiria au halikupata.

Ndiyo maana wanapanda kumi na moja. Ndiyo maana Probox ya siti tano inaondoka na wawili mbele pembeni ya dereva, wanne nyuma, na wengine kwenye buti wamekunja magoti kando ya debe la mafuta ya kula. Tukiita huo ni ukorofi wa madereva tutakamata mpaka tuchoke. Hesabu yenyewe ndiyo inayomsukuma. Nauli hiyo ndogo kwa kilometa ilibuniwa kwa basi la watu hamsini na zaidi kwenye lami iliyonyooka. Kwa gari dogo la milimani, kipimo hicho kinamwambia dereva achague mawili: avunje sheria ya nauli, au avunje sheria ya idadi ya abiria. Wengi wanavunja zote, na hakuna anayeshtuka.

Trafiki naye anajua. Kabla ya kizuizi, abiria watatu wanashushwa, wanapanda bodaboda, wanavuka, wanapandishwa tena mbele. Mchezo huu unachezwa mchana kweupe, na anayeulipia ni abiria, kwa nauli ya boda na kwa muda. Kisha hutokea ajali, tunapewa siku kumi za msako, magari yanafichwa, na watu wa vijijini wanatembea kwa miguu hadi msako upoe.

Kuna usafiri mwingine ambao takwimu rasmi haziuoni: magari ya IT. Haya ni magari yaliyoshuka bandarini Dar yakielekea Zambia, Kongo au Malawi, yakiendeshwa na madereva wa kukodiwa hadi mpakani. Kisheria hayatakiwi kubeba abiria. Kiuhalisia, simama Mbezi, Msamvu au Ipogolo na mkoba wako, utaona. Yana mvuto wake: gari jipya machoni, kiyoyozi, halisimami kila kituo, na bei unapatana. Dereva naye anataka kuongezea posho yake. Ubaya ni kwamba likipinduka Mikumi usiku, abiria hayupo kwenye karatasi yoyote. Hana tiketi, bima ya abiria haimhusu, na ndugu zake hawajui alikuwa gari gani. Nimewasikia watu wazima, wenye elimu zao, wakiliita IT "usafiri wa uhakika". Wanalinganisha na nini? Na kungoja. Mtu anayepanda IT anaiogopa ajali kama wewe na mimi, ila ajali ni jambo linaloweza kutokea, na kungoja ni jambo lililokwisha kumtokea mara nyingi.

Sasa ongeza suala la stendi. Kwa miaka kadhaa miji yetu imekuwa ikihamisha stendi kutoka katikati kwenda pembeni. Dar ilitoka Ubungo kwenda Mbezi Luis, kituo kilichozinduliwa Februari 2021. Iringa ilitoka mjini kwenda Igumbilo. Sababu zinaeleweka: foleni, nafasi, usafi, mapato. Jengo likizinduliwa linapendeza, lina maduka na sehemu za kukaa. Lakini kila stendi inayosogezwa kilometa kadhaa inazalisha safari mpya ambayo haikuwepo. Mtu wa Kilolo anayekwenda hospitali au benki mjini Iringa, zamani alikuwa akishuka na kutembea. Leo anashuka, anatafuta daladala au bajaji, na jioni anarudia hivyo hivyo kinyumenyume. Kwa aliyepanga stendi, hiyo ni nauli ndogo. Kwa aliyetoka kuuza debe mbili za viazi, inakula faida.

Na hapa ningependa mtu wa mipango akae na karatasi aandike ratiba ya mgonjwa mmoja. Anaishi Makete ya juu, ana miadi saa 2 asubuhi katika Hospitali ya Rufaa ya Kanda jijini Mbeya. Gari la kwanza la kijijini linaondoka likijaa, na asubuhi ya baridi halijai mapema. Kwa hiyo atatoka jana yake, atalala kwa ndugu au gesti. Akimaliza na daktari saa 7, apate dawa saa 8, afike Chimala saa 10 jioni, gari la mwisho limekwishapanda mlima. Analala tena. Miadi ya asubuhi moja imekula siku tatu na usiku mbili, na hakuna hata kilometa moja ya barabara mbovu iliyohusika hapo. Ukiongeza lami zaidi kati ya Chimala na Mbeya, mgonjwa huyu utamwokolea dakika kumi.

Mwaka 2023 Serikali iliondoa marufuku ya mabasi kusafiri usiku, marufuku iliyodumu takribani miaka thelathini. Mimi ni miongoni mwa waliounga mkono, na bado naunga mkono. Ule mtindo wa mabasi yote kuondoka saa 12 asubuhi yakifukuzana ulikuwa hatari kwa namna yake, na basi la Mpanda au Bukoba kulala njiani na abiria kwenye siti haukuwa usalama wa kujivunia. Lakini uamuzi ule ulifanywa kwa kuliangalia basi. Haukumwangalia abiria baada ya mlango kufungwa nyuma yake. Basi linalotoka Dar saa 11 jioni linapita Mafinga kwenye saa 8 na nusu usiku na Makambako kwenye saa 10. Kwa anayeendelea hadi Mbeya, hiyo ni raha: analala, anaamka amefika. Kwa anayeshuka Nyololo, ni kushushwa gizani, katika baridi ya Juni ya Mufindi, akiwa na mtoto mgongoni na begi lenye kila alichonunua Kariakoo. Noah hazianzi kuita abiria mpaka alfajiri. Bodaboda zipo, moja au mbili, na anayeziendesha saa hizo humjui. Mabasi yamepewa leseni ya saa 24. Njia panda zimebaki na saa zao za zamani.

Wengine wamejibu haya yote kwa kununua gari. Kwa mwenye ajira na mkopo, IST au Raum inaondoa njia panda katika maisha yake. Anapita Chimala bila kushuka. Ila tusijidanganye kwamba huo ni usafiri binafsi. Mtumishi mwenye gari wilayani ni daladala ya ukoo: kila Ijumaa simu zinaanza, nani anakwenda mjini, nani ana mzigo, nani anaumwa. Lifti hizo zinabeba watu wengi kuliko tunavyodhani, bure au kwa kuchangia mafuta, na zinaziba pengo ambalo lingetupigia kelele zaidi. Zinawaondoa pia kwenye foleni ya kungoja watu ambao sauti zao zingesikika haraka, yaani walimu, waganga na maofisa. Anayebaki njia panda ni yule asiyekuwa na namba ya mtu wa kumpigia.

Takwimu za barabara zenyewe zinaonyesha tunakoangalia. TANROADS, iliyoanzishwa mwaka 2000, inasimamia takribani kilometa 36,000 za barabara kuu na za mikoa. TARURA, iliyozaliwa 2017, ina zaidi ya kilometa 140,000 za wilaya, nyingi zikiwa za udongo. Kila Watanzania wawili wakizungumza habari za barabara, wanazungumzia zile za kwanza. Najua fedha za kuweka lami kwenye hizo za pili hazipo, na hazitakuwepo kwa kizazi hiki. Ndiyo maana sidai lami. Nadai ratiba.

Ratiba ni kitu cha bei nafuu kuliko zege. Leseni ya njia inaweza kutolewa kwa kikundi cha wenye magari badala ya gari mojamoja, kwa sharti moja gumu: gari la kwanza litaondoka saa fulani, la mwisho litaondoka saa fulani, limejaa halijajaa. Hasara ya safari hizo mbili igawanwe na kikundi kizima, na halmashauri ichangie kwa kusamehe ushuru wa stendi kwa magari ya zamu hiyo. Nauli ya gari dogo la milimani ipangwe kwa gharama zake halisi, hata kama itakuwa mara moja na nusu ya nauli ya basi kwa kilometa, kwa sababu sasa hivi abiria analipa zaidi ya hapo na bado anakaa kwenye buti. Madereva watapinga mwanzoni, hasa deiwaka, yaani dereva wa kushikia gari kwa siku, ambaye siku yake inategemea kujaza. Wenye magari mengi hawatapenda kugawana hasara na mwenye gari moja. Hayo ni mazungumzo ya kufanywa stendi, si Dodoma.

Upande wa mabasi, mfumo wa tiketi mtandao umekwishajengwa na kampuni zinautumia. Kinachokosekana ni kuufanya uvuke njia panda. Basi linajua tangu Dar kwamba abiria sita watashuka Chimala na kwamba wanne kati yao wanakwenda Matamba. Dereva wa Noah aliyeko Chimala hajui, kwa hiyo anangoja kwa kubahatisha, na pengine ameondoka dakika ishirini kabla hawajafika. Kondakta mmoja mwenye simu na namba ya mwenzake anaweza kuokoa nusu siku ya watu wanne. Wapo wanaofanya hivyo tayari kwa urafiki tu, hasa njia ya Kyela, na abiria wao wanawafahamu kwa majina na kuwachagua.

Kwa mabasi ya usiku, sharti liwe wazi zaidi: kampuni inayopewa leseni ya kupita usiku itaje vituo inavyoshusha, na kisitajwe kituo kisicho na taa, choo na mahali pa kukaa hadi kupambazuke. Nyololo au Chimala zikikosa sifa, basi lisishushe mtu hapo saa 9 usiku. Limpeleke hadi mji wa karibu wenye stendi inayofanya kazi, kwa nauli ile ile, na asubuhi arudi na gari la kwanza, lile la zamu, linaloondoka hata kama lina watu watatu.